Laptopu Tatu, Bei Moja: Namna ya Kuzipambanua Kabla ya Kulipa

Ingia duka lolote la kompyuta zilizotumika pale Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, uulizie laptopu ndogo ya bei nafuu. Muuzaji anaweza kukupangia tatu juu ya kaunta: HP EliteBook 820 G3, Lenovo ThinkPad X260 na Dell Latitude E7270. Zote ni za kioo cha inchi 12.5, zote ziliundwa kwa ajili ya watu wa maofisini, zote ni za rika moja, mwaka 2016. Bei zinapishana kidogo tu. Na maelezo utakayopewa ni yaleyale kwa zote tatu: "Bosi, hii ni i5, RAM nane, SSD mia mbili hamsini na sita, betri bado mpya kabisa." Ukisimama hapo bila maandalizi utabaki na vigezo viwili, mng'ao na bei, na utaondoka na ile inayong'aa.

Lakini mashine hizo zinatofautiana katika mambo utakayoishi nayo kwa miaka. Moja ina sloti mbili za RAM, nyingine ina moja tu. Moja inaingia kwenye projekta ya zamani bila kifaa cha ziada, nyingine haiingii. Moja betri yake unaichomoa kwa mkono, nyingine mpaka utafute bisibisi. Hakuna kati ya hayo linaloandikwa kwenye kikaratasi cha bei. Kwa hiyo utaratibu ninaoutetea ni huu: linganisha kwanza vitu ambavyo hutaweza kuvibadilisha ukishafika nyumbani, kisha vile vinavyobadilishika kwa fedha, na bei iwe ya mwisho. Ukianza na bei, yote mengine utayatafutia visingizio.

Anza na kazi yako

Kabla hujatoka nyumbani, andika kwenye simu kazi ambazo laptopu hiyo itafanya kila wiki, na uzitaje kwa majina. "Kazi za ofisi" haitoshi. Andika: kutunga mitihani kwa Word, kufungua faili la Excel lenye mauzo ya mwaka mzima, kukaa kwenye kikao cha Zoom huku kivinjari kimefungua kurasa kumi. Kisha nakili kwenye flashi faili zako halisi: lile la Excel lililo zito kuliko yote, PDF ndefu, na video moja ya ubora wa 1080. Ongeza humo programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, ile isiyohitaji kusakinishwa. Nitaeleza kazi yake baadaye.

Faili hizohizo utazifungua kwenye kila mashine, mbele ya muuzaji, kwa muda uleule. Muuzaji mwenye mali nzuri hana sababu ya kukukatalia. Anayekuharakisha amekwisha kukupa jibu. Na kwa kuwa flashi hiyo itapita kwenye kompyuta za watu usiowajua, iwe na nakala tu, na ukirudi ifomati kabla ya kuichomeka kwingine. Virusi vya flashi bado vinatembea madukani.

Herufi "i5" haitoshi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea, kwa hiyo tukae kidogo. Kusema laptopu ni i5 ni karibu sawa na kutosema kitu, kwa sababu Intel imekuwa ikitoa i5 tangu 2009. Unachohitaji ni kizazi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka; ingia sehemu ya Performance, bofya CPU. Juu upande wa kulia utasoma jina kamili, kwa mfano Intel Core i5-6300U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, yaani cha 6. Ukikuta i5-8350U, hicho ni cha 8. Kuanzia kizazi cha 10 tarakimu huwa mbili, kama i5-10210U. Herufi U mwishoni ni alama ya prosesa inayotumia umeme kidogo, ndiyo inayowekwa kwenye laptopu nyembamba.

Usiitegemee stika iliyobandikwa pembeni ya kibodi. Stika huuzwa peke yake, na mtu yeyote anaweza kuibandika. Soma kwenye kioo.

Kwa nini kizazi kina uzito kiasi hiki? Sababu ya kwanza ni kore, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba. Katika daraja hili la U, i5 za kizazi cha 6 na cha 7 zina kore mbili. Kilipoingia kizazi cha 8, Intel ikaweka nne. Hata i7-6600U, ambayo muuzaji ataitaja kwa sauti ya juu, ina kore mbili tu. Mtu anayefungua kikao cha video, kivinjari na Excel kwa wakati mmoja atahudumiwa vizuri zaidi na i5-8350U kuliko i7 hiyo. Kwa hiyo usikubali kuongezewa bei kwa sababu ya herufi "i7" kabla hujasoma namba inayofuata.

Sababu ya pili ni Windows. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Masasisho ya usalama ya ziada kwa watumiaji wa kawaida yalipangiwa mwaka mmoja tu zaidi, hadi Oktoba 2026. Windows 11 kwa utaratibu wake rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa chache sana za kabla ya hapo, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4 na diski isiyopungua GB 64. Zile laptopu tatu za 2016 haziko kwenye orodha hiyo. Utazikuta zimewekwa Windows 11 dukani, na itawaka na kufanya kazi, kwa kuwa mafundi wanajua njia ya kuruka kizuizi. Lakini Microsoft haitoi ahadi ya masasisho kwa mashine iliyorukishwa hivyo. Mtu atakayefanya malipo ya benki au kutunza hesabu za wateja kwenye laptopu hiyo anapaswa kulijua jambo hili kabla ya kulipa.

Hii haina maana kwamba mashine za 2016 ni takataka. Ukiweka Linux Mint au Ubuntu zinakwenda vizuri, na masasisho yanakuja bila malipo. Linux Mint 22 inahudumiwa hadi 2029. Mwanafunzi anayeandika, anayesoma na anayejifunza kupanga programu hana anachopungukiwa. Ila kama kazi yako inadai Windows, kwa mfano programu ya uhasibu inayokwenda kwenye Windows peke yake, basi sogeza macho kwenye rika la 2018: ThinkPad X280, Latitude 7290 na EliteBook 830 G5, hii ya mwisho ikiwa na kioo cha inchi 13.3. Na hata huko soma namba ya prosesa yenyewe, kwa sababu jina la modeli peke yake hudanganya. ThinkPad X270, kwa mfano, ilitoka kiwandani ikiwa na prosesa za kizazi cha 6 na nyingine za kizazi cha 7 chini ya jina lilelile.

RAM iliyogandishwa, na diski isiyo SSD

Ukiwa bado ndani ya Task Manager, bofya Memory. Chini utaona kiasi cha RAM, na mstari unaosema "Slots used". Ukisoma 1 of 2, furahi: unaweza kuongeza RAM bila kuitoa iliyopo. Mstari wa "Form factor" ukisema SODIMM, RAM hiyo ni kadi inayotoka na kurudi. Ukisema "Row of chips", imechomelewa kwenye bodi kuu na itabaki hivyo mpaka laptopu ife.

Tofauti hii inapindua matokeo ya ulinganisho. EliteBook 820 G3 ina sloti mbili na inapokea hadi GB 32. ThinkPad X260 ina sloti moja. Ukitaka kupanda kutoka GB 4 kwenda 8 unaitoa ya zamani na kununua mpya. ThinkPad X280, iliyo mpya kuliko hizo kwa miaka miwili, RAM yake imechomelewa. X280 yenye GB 4 ni mashine ya kuikimbia hata ikiuzwa kwa bei ya kutupwa, na yenye GB 8 au 16 ni mashine ya kuipenda. Jina ni moja, umbo ni moja, na ukiziweka kaunta moja hutaona tofauti kwa macho. EliteBook 830 G5 ina sloti mbili, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuvumilia ukubwa wake ulioongezeka kidogo.

GB 8 ndicho kiwango cha chini ninachoweza kumshauri mtu leo. Kivinjari chenye kurasa kumi na kikao cha video vinaimaliza GB 4 mapema, halafu kompyuta inaanza kuitumia diski kama RAM, na hapo ndipo unasikia watu wakilalamika kwamba laptopu "inaganda".

Kwenye diski kuna mtego mmoja. Laptopu mpya kabisa za bei ya chini, zile za inchi 11 zinazouzwa zikiwa ndani ya boksi, mara nyingi zina eMMC badala ya SSD. Hiyo ni hifadhi ya aina ileile inayowekwa kwenye simu za bei nafuu: ni ya polepole, ni ndogo, GB 32 au 64, na kwa kawaida imechomelewa. Windows peke yake inakula sehemu kubwa ya nafasi hiyo, na masasisho makubwa yanakosa pa kuingia. Kwenye Task Manager bofya Disk usome jina lake.

Kwa SSD zilizotumika, fungua ile CrystalDiskInfo kutoka kwenye flashi. Inaonyesha afya ya diski kwa asilimia, na saa ambazo diski imewashwa tangu ilipotengenezwa. Ikiandika neno la tahadhari kwa rangi ya njano, ama diski ibadilishwe palepale, ama bei ishuke kwa thamani ya diski mpya. Kati ya laptopu mbili zinazolingana kwa kila kitu, hiki ni kipimo kizuri cha kujua ipi ilichoshwa kazini.

Betri: usiulize, pima

Kila betri ya dukani ni "safi". Windows ina njia ya kukuambia ukweli. Fungua menyu ya Start, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter tena. Itakutajia mahali ilipohifadhi ripoti. Ifungue kwa kivinjari. Tafuta mistari miwili: "Design capacity", uwezo iliotoka nao kiwandani, na "Full charge capacity", uwezo iliobaki nao. Gawanya wa pili kwa wa kwanza. Betri ya EliteBook 820 G3 hutoka kiwandani ikiwa na kama Wh 44, na ripoti huandika kwa mWh, yaani 44,000. Ukikuta sasa inajaa hadi 26,000, imebaki na asilimia 59. Haijafa, lakini si safi, na sasa una namba ya kuzungumzia bei.

Kuna tahadhari. Betri za kubadilishia, hasa zisizo za kampuni iliyounda laptopu, wakati mwingine hutoa ripoti nzuri kuliko hali yake. Kwa hiyo ongeza jaribio la mkono: chomoa chaja, weka mwanga wa kioo hadi mwisho, cheza ile video yako ya 1080 kwa robo saa, uangalie asilimia imeshuka ngapi. Fanya hivyo kwa mashine zote tatu kwa wakati mmoja, zikiwa zimepangwa pamoja. Itakayotoka asilimia 95 hadi 60 ndani ya robo saa imejieleza yenyewe. Robo saa hiyo itumie pia kusikiliza feni na kugusa tumbo la laptopu. Feni inayopiga kelele kwa video moja inaonyesha vumbi lililojaa au gundi ya joto iliyokauka. Hilo fundi analitibu kwa gharama ndogo, lakini lazima liingie kwenye hesabu.

Kwa mtu anayekaa mahali umeme unapokatika mara kwa mara, ThinkPad X260 ina sifa ambayo nyingine hazina. Ina betri mbili: moja ndani, ya kama Wh 23, na nyingine nyuma, unayoichomoa kwa kusukuma vishikizo viwili. Ya nyuma ikiisha unaweza kuitoa na kuweka nyingine iliyojaa bila kuzima kompyuta, kwa sababu ile ya ndani inashikilia. Ile kubwa ya nyuma inafika Wh 72; inanyanyua laptopu kidogo na kuiongezea uzito, lakini kwa mwandishi wa habari au afisa wa mradi anayeshinda vijijini ni bora kuliko kasi yoyote. Ripoti ya X260 huonyesha betri zote mbili, kwa hiyo soma safu zote mbili. Ni kawaida kukuta moja nzima na nyingine hoi.

Usisahau chaja. Lenovo za rika hili zinatumia kichwa cha mstatili, HP kichwa chembamba cha duara. Dell ina pini katikati ya tundu, na kwa pini hiyo laptopu huitambua chaja yake. Ukiipa chaja isiyotambulika, inapowaka huandika onyo kwamba aina ya chaja haijulikani, inakataa kuchaji betri na inapunguza kasi ya prosesa. Ukiona Latitude imekuwa nzito isivyo kawaida, izime, iwashe tena, usome maneno ya mwanzo kabla hujaihukumu mashine yenyewe. Hakikisha pia chaja utakayopewa ndiyo uliyoijaribia.

Kufuli la wenyewe

Laptopu za maofisini zilikuwa na mabwana kabla yako, na baadhi yao waliacha makufuli. Zima mashine, iwashe, na uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine: kwa HP bonyeza F10, kwa Lenovo F1, kwa Dell F2. Ikikuomba neno la siri ambalo muuzaji halijui, mrudishie. Kwenye ThinkPad neno hilo la msimamizi haliondoki kwa kutoa betri, kinyume na wanavyoahidi baadhi ya watu, na bila hilo huenda usiweze kuwasha kutoka kwenye flashi siku unapotaka kuweka mfumo mpya. Ukiwa humohumo ndani, soma namba ya mashine na uilinganishe na iliyo chini ya tumbo. Kwa Dell huitwa Service Tag, nayo ina herufi na tarakimu saba. Ukiiingiza kwenye tovuti ya Dell inakueleza laptopu ilitoka kiwandani na nini. Lenovo na HP nao wana huduma ya namna hiyo.

Kufuli la pili hujitokeza unapoanza kusakinisha Windows ukiwa na intaneti: badala ya kukukaribisha wewe, kompyuta inataja jina la kampuni fulani na kudai barua pepe ya mfanyakazi wake. Hiyo bado imesajiliwa kwa wenyewe. Iache.

Kioo, kibodi na matundu

Kwenye kioo kuna mambo mawili. La kwanza ni idadi ya nukta: modeli moja inaweza kuwa na 1366 kwa 768 au 1920 kwa 1080, na jibu liko kwenye mipangilio ya Display. Fungua lile faili lako la Excel kwenye zote mbili uone safu ngapi zinaingia bila kuburuta. La pili ni aina. Sogea pembeni, tazama kioo kwa ubavu, kisha kwa kutoka chini. Kioo cha TN hugeuza rangi na kufifia. Cha IPS hubaki vilevile. Anayesoma saa nyingi kwa siku asipuuze tofauti hii. Malizia kwa ukurasa mweupe mtupu kutafuta madoa na nukta zilizokufa.

Kibodi ijaribu kitufe kwa kitufe kwenye Notepad. Zilizotoka Uingereza zina alama ya £ juu ya 3, na @ imebadilishana nafasi na alama za kunukuu, unazoea. Zilizotoka Ufaransa au Ujerumani herufi zenyewe zimehama, na mara nyingi hubandikwa stika za herufi juu ya vitufe. Stika hizo hubanduka kwa joto la vidole, kwa hiyo zitazame kwa karibu na zishushe kwenye bei.

Matundu ni mahali pa kurudi kwenye orodha ya kazi zako. EliteBook 820 G3 ina VGA na DisplayPort, haina HDMI. ThinkPad X260 ina HDMI na mini DisplayPort, haina VGA. Mwalimu ambaye projekta ya shule yake ni ya VGA, au mhudumu wa kanisa au msikiti wenye vifaa vya zamani, atachomeka 820 G3 na kuendelea. Kwa X260 atahitaji kifaa cha kugeuzia. Mwenye televisheni ya HDMI nyumbani, kinyume chake. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB, moja baada ya jingine. Jaribu kamera, maiki na spika kwa kujirekodi. Funua na ufunike kioo mara kadhaa ukisikiliza bawaba. Na kama mfuniko umefunikwa karatasi mpya ya urembo yenye rangi kali, omba kona moja inyanyuliwe. Huko chini ndiko nyufa hufichwa.

Vipi kuhusu mpya ya bei nafuu, au Chromebook?

Mpya ina uzuri wa boksi na waranti, na betri ambayo haijaguswa. Swali ni prosesa. Celeron N4020 ina kore mbili na itakuchosha mapema. Intel N100, iliyotoka 2023, ina kore nne na inabeba vizuri kazi za kawaida za kuandika, kusoma na vikao. Mpya yenye N100, RAM GB 8 na SSD ya kweli ni mshindani halali wa mashine za 2018. Mpya yenye Celeron, GB 4 na eMMC ya GB 64 haifai kulinganishwa nazo, hata kama boksi lake ni zuri.

Chromebook zilizotoka mashuleni Marekani zinauzwa kwa bei ya chini sana, na kwa mtoto wa shule zinatosha. Ila kila moja ina tarehe ya mwisho wa masasisho iliyopangwa na Google. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya About ChromeOS, uisome. Kama imepita, utanunua kifaa ambacho kivinjari chake kitaendelea kuzeeka bila dawa. Na usitarajie kusakinisha programu za Windows humo.

Sasa bei

Ukishapata majibu, andika kwa kila laptopu gharama ya kuifikisha kwenye hali unayoitaka, si bei ya kikaratasi. Kwa mfano tu: ya kwanza inauzwa shilingi za Tanzania laki nne na nusu, lakini inahitaji RAM ya elfu sitini na betri ya elfu themanini. Jumla, laki tano na elfu tisini. Ya pili inauzwa laki tano na nusu, ina RAM GB 8 na betri yenye asilimia 85. Ya pili ndiyo rahisi, kwa elfu arobaini, na hujapoteza siku kwa fundi. Onyesha hesabu hiyo kwa muuzaji kwa upole. Mazungumzo ya bei yanayotoka kwenye ripoti ya betri yana nguvu kuliko "nipunguzie kaka, nitakuletea wateja".

Kama ningetakiwa kuchagua kwa niaba ya mtu, ningesema hivi. Anayehitaji Windows kwa kazi ya kipato na aongeze kidogo afike kwenye EliteBook 830 G5 yenye i5 ya kizazi cha 8, kwa sababu ya kore nne na sloti mbili za RAM. X280 aichukue tu ikiwa na GB 8 au zaidi. Mwanafunzi aliye tayari kutumia Linux achukue 820 G3 au X260, kwa kufuata matundu na betri, wala asione haya. Latitude E7270 iwe chaguo lako pale tu inapokuja na chaja yake halisi na ikazishinda mbili hizo kwa afya ya betri na diski.

Ukishakubaliana, dai risiti halali, ya EFD kwa walioko Tanzania, na uombe namba ya mashine na muda wa waranti viandikwe kwa kalamu kabla hujatoa fedha. Waranti ya mdomo haidaiki.